Kilo 18 Mgongoni: Nipunguze Nini Kabla ya Mlima Kenya?

Swali

Shikamoo Bi. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, naishi Likoni. Mwezi wa Februari, tukijaaliwa, tuko walimu sita tunaopanda Mlima Kenya kwa njia ya Sirimon, siku nne, na tumekubaliana kila mtu abebe vyake. Juzi nilifunga begi nikaenda kulipima kwenye mizani ya muuza viazi: kilo 18 na gramu 600, na maji sijatia. Mimi mwenyewe nina kilo 58. Orodha ya kila kitu nimekuandikia. Sijawahi kuonja baridi kupita ile ya Nairobi mwezi wa Julai. Navaa hijabu. Pesa za kununua vifaa vipya dukani sina, ila soko la mitumba la Kongowea nafika. Nipunguze nini, ninunue nini? Na mama ameshikilia nichukue leso, nimwambieje?

Jibu

Marahaba, mwanangu. Umefanya jambo ambalo wengi wanaoniuliza hawalifanyi: umepima. Mtu akiniambia begi lake "si zito sana" sina la kumjibu, lakini ukiniletea orodha yenye gramu tunaweza kukaa kitako tukahesabu. Nimeipanga yako upya kwa mafungu. Shanta tupu, kilo 2.8. Hema, 3.6. Mfuko wa kulalia, 2.4. Blanketi, 1.7. Nguo, 4.1. Chakula na vyombo vya kupikia, 2.6. Na vikorokoro, yaani chaja, betri za akiba, mafuta, dawa na vipodozi, 1.4. Jumla ndiyo hiyo 18.6.

Mwili wa kilo 58 hubeba vizuri, siku baada ya siku, kama sehemu moja ya tano ya uzito wake. Kwako ni kilo 11 na nusu hivi, maji yakiwemo. Ukitoa lita mbili za maji, ambazo ni kilo mbili kamili, tunatafuta begi la kilo 9 na nusu. Karibu nusu ya ulichokifunga kibaki Likoni, na sehemu kubwa ya punguzo hilo haitakutoa hata shilingi.

Kwanza tuielewe baridi yenyewe, kwani ndiyo iliyolijaza begi lako. Sisi wa pwani hatuna kipimo chake mwilini, kwa hiyo tukiisikia tunarundika: hudi juu ya hudi, blanketi juu ya mfuko wa kulalia. Hesabu yake ni nyepesi. Kwa kila mita 1,000 unazopanda, joto hupungua kwa kama digrii 6.5. Usiku wa Februari hapa Mombasa ni digrii 24 au 25, na feni inazunguka. Shipton's, kambi mtakayolala kabla ya kileleni, iko mita 4,200. Toa digrii 27: uko chini ya sifuri kidogo. Point Lenana, kilele mnachokiendea, iko mita 4,985, na mtafika alfajiri. Toa digrii 32, kisha uongeze upepo. Ni baridi iliyo katikati ya friji yako ya nyumbani na friza yake. Inahimilika kabisa, ila haitaki wingi wa nguo, inataka nguo sahihi.

Na mchana utatokwa na jasho. Hili ndilo linalowashangaza wenzetu wanaopanda mara ya kwanza. Toka lango la Sirimon hadi Old Moses, kambi yenu ya kwanza, ni kama kilomita 9 za kupanda, jua la ikweta liko utosini, begi liko mgongoni, na utaloa kama mtu aliye kwenye foleni ya feri saa saba mchana. Kisha jua linaingia nyuma ya wingu, upepo unashuka kutoka juu, na dakika kumi baadaye meno yanagongana. Jasho ndilo adui wako mlimani, na pamba ndiyo inayolikaribisha.

Pamba hapa kwetu ni neema. Uzi wake hunywa jasho, hulishikilia, na kaskazi ikipita hulikausha polepole huku ikikupoza. Ndiyo maana ya dira, kanzu na fulana zetu. Lakini tabia hiyohiyo iliyo neema Likoni huwa hatari kwenye mita 4,000. Maji hupitisha joto zaidi ya mara 20 kuliko hewa, kwa hiyo fulana ya pamba iliyoloa inakunyonya joto usiku kucha, na haikauki. Uzi wa poliesta haunywi hata asilimia moja ya uzito wake. Sufu hunywa unyevu hadi karibu theluthi ya uzito wake na bado inakutia joto. Basi jinzi zako mbili, hudi tatu, fulana tano na soksi sita za pamba zote zirudi kabatini. Usibakishe hata hudi moja "ya akiba". Hiyo ya akiba ndiyo utakayoivaa siku umeloa.

Sasa Kongowea. Mwanangu, hujui una bahati gani. Marobota ya mitumba yanayotoka Ulaya na Marekani yana nguo za majira yao ya baridi, na Mombasa hii nani anataka koti la theluji? Yanakaa kwenye lundo la mwisho, muuzaji amechoka kuyapanga, na bei yake ni ya kumwondolea mzigo. Nenda asubuhi na mapema, na usiende na jina la kampuni kichwani. Nenda na macho ya kusoma lebo. Lebo iko ndani, ubavuni kushoto au nyuma ya shingo, na mara nyingi imeandikwa lugha tatu au nne. Kwenye lebo hizo, Wolle, laine na lana ni sufu. Coton, cotone na algodón ni pamba. Na shika sana neno moja la Kijerumani: Baumwolle. Linafanana na Wolle, lakini ni pamba. Nimemwona kijana hodari akilipia sweta zito la kijivu kwa furaha zote akiamini ni sufu tupu, lebo inasema Baumwolle 100%. Sweta lile lingeloa lingemuelemea kama gunia la mchanga.

Kama lebo imekatwa, na hukatwa, vuta uzi mmoja kwenye pindo la ndani ukaujaribu nyumbani kabla hujanunua zaidi kwenye lundo lile. Uchome kwa kiberiti juu ya sinia. Ukinuka nywele zilizoungua na majivu yakavunjika kwa kidole, ni sufu. Ukinuka karatasi na ukaacha majivu laini, ni pamba. Ukiyeyuka ukawa kitone kigumu cheusi, ni poliesta au nailoni. Dakika moja tu, na haijawahi kunidanganya.

Unachotafuta ni hiki. Nguo ya ndani ya mikono mirefu na suruali yake ya kubana, za poliesta au sufu nyembamba, seti mbili: moja ya kutembelea, moja ya kulalia ambayo haitoki mfukoni mpaka umefika kambini. Sweta laini la poliesta, lile wanaloliita flisi, jembamba tu, gramu 350 zinatosha. Suruali ya nailoni ya kutembelea. Koti la mvua. Boshori, glavu, jozi tatu za soksi nene za sufu au mchanganyiko wake. Na koti la manyoya ya bata.

Hilo la mwisho nataka tukae nalo kidogo, kwa sababu ndilo litakalolitoa blanketi lako la kilo 1.7. Manyoya laini ya bata au bata bukini hufunga hewa nyingi kwa uzito mdogo kuliko chochote kingine utakachokipata sokoni. Koti zima la kuvalia kambini laweza kuwa gramu 400. Kwenye lebo utaona Daunen kwa Kijerumani, duvet kwa Kifaransa, piumino kwa Kiitaliano, na asilimia zake: kadiri ya manyoya laini inavyozidi ile ya manyoya magumu ndivyo linavyofaa. Lifinye lote kwenye ngumi zako mbili, hesabu hadi kumi, uliachilie. Zima litaumuka kama unga wa mahamri mbele ya macho yako. Likibaki limesinyaa, au ukiliinua kwenye mwanga ukaona vibonge pembeni na nafasi tupu katikati, liache. Linuse pia. Harufu ya kuvu kwenye manyoya haitoki kwa sabuni wala kwa jua. Na kumbuka udhaifu wake: manyoya yakiloa hulala, na yakilala hayana joto tena. Koti hili ni la kuvaa ukiwa umekaa, au kileleni kukiwa kukavu. Ukitembea nalo ukatoa jasho umeliharibu.

Koti la mvua ndilo gumu zaidi kulipata zima kwenye mitumba. Lipindue ndani nje. Joto na unyevu huulainisha ule utando wa ndani hadi ukanata kama gundi au ukaachia magamba meupe, na utepe uliobandikwa juu ya mishono ukabanduka. Ukiona kimoja kati ya hivyo, hata liwe la rangi nzuri namna gani, ni shati tu. Kisha weka mdomo kwenye kitambaa upulize kwa nguvu: pumzi ikipita kwa urahisi, mvua nayo itapita. Hapa ndipo ningekushauri, ukibakiwa na akiba kidogo, ununue jipya. Kwingine kote mitumba yatosha.

Kuhusu hijabu: umebeba nne, beba mbili, moja kichwani na moja mfukoni. Ziwe za poliesta nyembamba inayovutika. Shifoni hukauka haraka lakini upepo wa juu utakusumbua nayo. Vaa boshori juu ya hijabu, na kofia ya koti juu ya boshori, ujipatie tabaka tatu bila kubeba skafu ya ziada. Acha pini nyumbani, kwani pini moja ikilitoboa koti la manyoya utakuwa ukiacha manyoya njiani hadi Nanyuki. Funga kwa fundo. Dira na buibui vinanasa kwenye mawe na kukuangusha wakati wa kushuka kwenye changarawe. Shati refu la nailoni linalofika magotini, lenye mpasuo pande mbili ili hatua ipate nafasi, linakusitiri na kukupa uhuru. Kama hulipati, nunua kitambaa umpe fundi cherehani, ni kazi ya nusu siku. Nguo zote hizo za kubeba, ukiondoa ulizovaa, nimezipima kwa wastani wa zangu: kilo 2.2 badala ya 4.1.

Sasa vile vitatu vikubwa, kwa kuwa hapo ndipo kilo zenyewe zilipo.

Hema. Njia ya Sirimon ina mabanda yenye vitanda, Old Moses kwenye mita 3,300 na Shipton's. Wekeni nafasi mapema na hema libaki. Kilo 3.6 zimeondoka. Kama mmeazimia kulala hemani, basi hema moja kwa watu wawili, mmoja abebe kitambaa, mwenzake vyuma na vigingi. Lakini gawaneni mbele ya mizani. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na kwenye kundi la watu sita maneno hayo huwa kweli siku ya pili tu: aliyebeba sufuria haonekani kuwa amebeba kitu. Pimeni wote pamoja, jikoni kwa mmoja wenu, usiku wa kuamkia safari. Jiko moja la gesi na sufuria mbili za alumini zinawatosha watu sita, mkipika kwa zamu. Wewe ulikuwa umebeba jiko lako peke yako, na nadhani wenzako watano nao pia. Na mtungi wa gesi msipande nao treni. Pale Miritini mizigo hukaguliwa na vitu vinavyowaka haviruhusiwi. Nunueni Nairobi au Nanyuki.

Mfuko wa kulalia. Umeniandikia kuwa wako "unafika digrii 14 chini ya sifuri", kwa kuwa ndivyo ulivyoandikwa nje. Geuza utafute kilebo kidogo cha ndani. Mifuko iliyopimwa kwa kanuni za Ulaya huwa na namba tatu, kwa mfano +6, +1, -14. Ya kwanza ni kiwango ambacho mwanamke wa kawaida analala kwa raha. Ya pili ni kiwango ambacho mwanamume wa kawaida anaweza kulala akiwa amejikunyata. Ya tatu si ya kulala, ni ya kunusurika: ni baridi ambayo mwanamke anaweza kuivumilia saa chache bila kufa, akitetemeka. Wauzaji wengi huichapa hiyo ya tatu kwa herufi kubwa. Wewe soma ya kwanza tu. Kwa Shipton's tafuta mfuko ambao namba ya kwanza ni sifuri au chini yake. Usiununue, Nairobi na Nanyuki kuna wanaokodisha, na kwa siku chache ni bei ndogo kuliko kununua kitu kibovu. Uombe wenye uzito usiozidi kilo 1.6, na uutoe mfukoni mbele yao uuangalie zipu yote, mwanzo hadi mwisho. Usiku chemsha maji, ujaze chupa, uifunge vizuri, uivishe soksi, uiweke miguuni ndani ya mfuko. Blanketi halitakukumbuka, wala wewe hutalikumbuka.

Mkilala hemani, ardhi huiba joto kuliko hewa, kwa hivyo beba godoro la povu linalokunjwa, gramu 400 hivi. Bandani huhitaji.

Shanta, vitatu vikiisha. Nalitaja mwisho makusudi, maana watu hulinunua kwanza, likubwa, kisha wakalijaza kwa sababu nafasi ipo. Kusanya vitu kwanza, ndipo utafute begi linalovitosha. Kwako ni la lita 45 hadi 50, kilo 1.4 au pungufu, lenye mkanda mpana wa kiunoni unaokaa juu ya mifupa ya nyonga. Mkanda huo ndio unaobeba. Mabega yanashikilia tu lisianguke. Mwaka 1955 huko Marekani mama mmoja wa miaka 67, Emma Gatewood, aliitembea njia nzima ya Appalachian, zaidi ya kilomita 3,000, akiwa na mfuko aliojishonea mwenyewe, viatu vya turubai na pazia la bafuni la kujikinga mvua. Mzigo wake kwa kawaida haukufika kilo 10. Simtaji ili uende Mlima Kenya na pazia, bali ujue kwamba fundi wa mtaani kwenu ana sehemu katika safari hii. Mpelekee kitambaa cha miavuli iliyovunjika akushonee vifuko vinne vya kamba. Ni vyepesi kama jani, na vitakutenganishia nguo kavu na zilizoloa. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini Agosti 2017, na tangu tarehe 5 Juni 2020 plastiki za kutumika mara moja, chupa za maji zikiwemo, haziruhusiwi kwenye hifadhi za taifa. Lango la Sirimon linahusika. Chukua chupa mbili ngumu za lita moja zinazotumika tena, zisizo za chuma, kwani chuma ni mzigo.

Viatu vinanitia wasiwasi kuliko vyote, maana hukuniandikia ila "buti za mitumba, nzima kabisa, hazijavaliwa". Sikiliza yaliyonipata. Niliwahi kununua buti za ngozi za namna hiyo, nyayo hazijachakaa hata kidogo, nikaziweka kabatini miaka miwili nikizingojea safari. Nikapanda nazo Kasigau, kule Taita, mita 1,641. Kupanda salama. Kuteremka kurudi Rukanga nikasikia pwata, nikatazama chini: wayo wa kushoto umefunguka mbele kama mdomo wa changu. Nusu saa baadaye ukabanduka wote, na kile kilichokuwa kati ya wayo na ngozi kikawa kinamomonyoka mkononi kama kashata iliyopitwa na siku. Nilichana pindo la leso yangu nikaufunga, nikamaliza njia nikichechemea.

Baadaye ndipo nilipojifunza sababu. Viatu vingi vya mlimani vina tabaka la povu la poliurethani katikati ya wayo. Povu hilo huvunjwa na unyevu wa hewa pamoja na joto, polepole, na huvunjika haraka zaidi kiatu kikiwa hakivaliwi. Kisha tazama tunakoishi. Kiatu kilichokaa miaka Ulaya, kikasafiri ndani ya kontena, kikakaa Mombasa, kinaweza kuonekana kipya na ndani kimeshakufa. Bonyeza ukucha wa kidole gumba kwenye ubavu wa wayo, juu ya raba. Ukiona nyufa ndogondogo, au ukucha ukaacha kovu lisilorudi, au unga ukabaki kidoleni, usikivae mlimani. Kunja kiatu kwa mikono miwili mara ishirini, usikilize. Na hata kikipita mtihani huo, kivae wiki nne mfululizo hapa chini: shuleni, sokoni, na Jumamosi moja panda matatu hadi Kwale, mshuke na askari wa wanyamapori hadi maporomoko ya Sheldrick huko Shimba Hills na kurudi juu, ukiwa na begi lako lote mgongoni. Kikitaka kufa, kife karibu na nyumbani.

Kwa njia ya Sirimon wakati wa kiangazi, viatu vyepesi vya kukimbilia njia za milimani vinatosha kabisa, na mimi ndivyo ninavyovaa. Uzito wa mguuni unachosha mara kadhaa kuliko uzito uleule ukiwa mgongoni. Chukua namba moja juu ya yako ya kawaida, kwa sababu ya soksi nene na kwa sababu wakati wa kushuka vidole husogea mbele. Bakora mbili pia, hata za mti. Magoti yako yatashukuru wakati wa kushuka kutoka Lenana.

Chakula nitakipitia haraka. Acha makopo ya maharagwe, umebeba bati na maji. Korosho zina kama kalori 550 kwa kila gramu 100, ni vichache vyakula vya pwani vinavyolipa uzito wake kama hizo. Tende, kashata, mchele, dengu zilizoparazwa, chai ya tangawizi ya unga. Mahamri ni ya siku ya kwanza tu, ya pili yatakuwa mawe. Vijito vya maji vipo kambini, ila utibu kwa vidonge vya klorini na ungoje muda mrefu kuliko ulioandikwa, kwa kuwa maji baridi huichelewesha dawa.

Vikorokoro vipungue hadi gramu 700: tochi ya kichwani, betri moja ya akiba badala ya mbili (ilaze ndani ya mfuko wa kulalia pamoja na simu, baridi hunyonya chaji), miwani ya jua, mafuta ya kujikinga jua na midomo, dawa za kichwa na za tumbo, plasta. Vipodozi vyote vibaki.

Hesabu yetu sasa: shanta 1.4, mfuko wa kulalia 1.6, nguo 2.2, chakula na sehemu yako ya vyombo 1.8, vikorokoro 0.7. Kilo 7.7 ukilala bandani. Mkigawana hema na ukaongeza godoro, 9.9, imezidi kidogo niliyokutajia, na ndiyo sababu nasema mlale bandani. Nafasi mliyoipata naomba muitumie kwa jambo moja: siku ya tano. Mnatoka usawa wa bahari, na siku nne ni haraka mno kwa damu yenu. Usiku wa pili Old Moses utawaongezea gramu 600 za chakula kila mmoja, na utawasaidia kuliko kifaa chochote nilichokitaja hapa. Mwenzenu akiumwa kichwa kisichotulia, akatapika au akaanza kuyumba, ateremshwe saa ileile, hata kama kilele kinaonekana.

Mkirudi, usiviache vifaa ndani ya begi. Chumvi ya hewa yetu hula zipu. Ziosheni kwa maji baridi ya mfereji, zikauke, uzipake mshumaa. Koti la manyoya litundike wazi, usilifinye kwenye mfuko wake mdogo miezi yote. Anika kila kitu kivulini mpaka kikauke kweli, na wakati wa kuzifukiza nguo zako udi, hivi visiwepo chumbani: cheche moja ya chetezo inatoboa nailoni tundu la ukubwa wa dengu.

Na leso. Mwambie mama yuko sawa, ila iwe moja, si doti nzima. Ni pamba, ndiyo, na nimeisema pamba vibaya hapa juu, lakini leso huivai kujipasha joto. Yangu ina gramu 190. Ni taulo, ni pazia la kubadilishia nguo bandani mkiwa wanaume na wanawake, ni msala, ni kitambaa cha kumfunga mtu mkono ulioteguka. Ya Kasigau bado ninayo, haina pindo upande mmoja.